Kwao jina, kwetu kitenzi

Neno lenyewe ni foloapu. Hutoki nyumbani Shella asubuhi, ukaenda ofisi yoyote hapa Malindi, iwe ya ardhi, ya maji, ya leseni au ya basari ya mtoto, ukarudi hujaambiwa neno hilo. Tunakutana nalo kaunta, kwenye simu, hata kwenye baraza la chifu. Jioni watu wakitoka kuswali magharibi wakakaa na kahawa yao, mazungumzo hayaendi mbali kabla hayajafika hapo. Kila mtu ana faili lake, na kila faili limekwama kwenye foloapu.

Tunaandika haya kwa sababu tumechoka, na kwa sababu tumegundua jambo ndani ya neno hili ambalo tungependa na wenzetu waliotawanyika Kilifi nzima walione.

Juzi bi mmoja jirani yetu, mpika mahamri, alitujia barazani. Alifungua fundo la leso yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Ilikuwa risiti ya ombi la basari ya binti yake. Nyuma ya risiti palikuwa na tarehe 6, zimeandikwa kwa mikono tofauti, nyingine kwa wino wa buluu, nyingine mweusi, moja kwa penseli. Mbele ya kila tarehe kulikuwa na herufi mbili zilizotengwa kwa mkwaju: F/U. Bi akamwekea mwalimu mmoja mstaafu aliyeketi nasi ile karatasi gotini.

"Mwanangu, nisomee. Hapa wameandika nini?"

"Foloapu, bi. Maana yake kufuatilia."

"Na aliyefuatilia ni nani?"

Mwalimu hakujibu. Sote tulijua aliyefuatilia. Ni bi mwenyewe, mara 6, kila mara akiacha karai lake la mafuta alfajiri na kulipa tuktuk kwenda na kurudi. Lakini karatasi haisemi hivyo. Ukiisoma leo utadhani ofisi imefanya kazi mara 6. Safari za mama wa watu zimeingizwa kwenye hesabu ya ofisi, na basari haijatoka.

Ndipo mwalimu akatueleza. Kwa Waingereza neno hili limeungwa kwa maneno mawili, na wao wanalitumia kwa namna mbili. Likiwa jina wanaliandika kwa kistari katikati, na wakilitamka wanaweka mkazo mwanzoni. Likiwa kitenzi wanaliandika mbalimbali, na mkazo unakwenda mwishoni. Masikio yao yamezoea, hawachanganyikiwi. Sisi tulipolichukua tuliacha kistari chake na mkazo wake bandarini. Limebaki neno moja, sauti moja, jina na kitenzi kwa pamoja, na ni mwenye kusema ndiye anayeamua leo liwe lipi.

Sikilizeni basi ofisi zinavyoamua. Kazi ikiwa yao, neno ni jina. "Foloapu inaendelea." "Jambo lako liko kwenye foloapu." "Litafanyiwa foloapu." Kazi ikiwa yetu, neno linageuka kitenzi, tena cha kuamrisha au cha kulaumu. "Wewe foloapu wiki ijayo." "Mbona hukufoloapu?" "Ungefoloapu mapema tungekusaidia." Kwao jina, kwetu kitenzi. Tangu mwalimu aseme hivyo tumekuwa tukisikiliza kwa makini kila tuendapo, na hatujapata ofisi iliyokwenda kinyume.

Kiswahili hakikuruhusu mchezo huo kwa urahisi. Kitenzi chetu kwa kawaida hakitembei peke yake. Ukisema nitafuatilia, kuna ni-, na huyo ni wewe uliyeketi mbele yangu, nakujua uso. Kuna -ta-, kwa hiyo bado hujafanya, na nina haki ya kukuuliza lini. Ukisema sikufuatilia, umekiri kosa lako kwa mdomo wako. Hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba kwa kawaida hatamki kitendo bila kukipa mwenyewe na wakati. Kwa hiyo karani anayesema "nitakufuatilia jambo lako, bi, uje Jumatano" amejifunga kwa neno lake. Anayesema "litafanyiwa foloapu" hakujifunga kwa lolote. Litafanyiwa na nani? Hayupo. Lini? Haipo.

Utasema hata Kiswahili kina ufuatiliaji, na mtu akitaka kujificha anaweza kusema "ufuatiliaji unaendelea." Ni kweli, na wengine washaanza. Lakini neno hilo likitamkwa mbele ya mama wa mahamri, yeye analijua limezaliwa na nani. Anasikia fuata ndani yake, anasikia fuatilia, na papo hapo anauliza: anayefuatilia ni nani? Mbele ya foloapu haulizi, kwa kuwa hana pa kulishika. Anakunja karatasi yake anarudi nyumbani.

Hospitali ndiko jambo hili linakouma zaidi. Mzee mmoja mvuvi alitoka kutibiwa kidonda cha mguu na kadi imeandikwa chini kabisa TCA 2/52. Wauguzi wote nchini wanaijua alama hiyo: mgonjwa arudi baada ya wiki mbili, kwani mwaka una wiki 52. Wanaitumia kwa namna zote mbili vilevile, mgonjwa "ana TCA" na mgonjwa "atatisiei". Mzee hakuambiwa kwa mdomo. Alimpa mjukuu wake asome, mtoto akaona 2 akaona 52, akadhani ni nambari ya dawati. Wiki ya 4 mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. Aliporudi aliulizwa kwa ukali kwa nini hakufoloapu. Huyu ni mtu anayejua kusi na kaskazi, anayejua mwezi umeandama lini na maji yatajaa saa ngapi. Angeambiwa "rudi Jumatatu ya pili, mzee" asingekosa hata kwa saa moja.

Tusieleweke vibaya. Hatuchukii maneno ya wageni, na watu wa Malindi tungekuwa wa mwisho kuyachukia. Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498, na nguzo yake ya msalaba ingali inatazama bahari. Wareno walikaa na kuondoka, maneno yao tukabaki nayo: meza, bendera, na hiyo leso ambayo bi alifungia risiti yake. Kutoka Bara Hindi tuna gari na chapati. Waitaliano wamejaa mji huu kiasi kwamba vijana wa ufukweni wanapatana bei kwa Kiitaliano bila kigugumizi. Hata katika malalamiko haya tumeandika ofisi, faili, risiti na leseni, yote ya Kiingereza, wala hayatusumbui. Faili langu, mafaili yetu: limevaa nguo zetu, linakaa mahali pake na kufanya kazi ya aina moja. Tunachokataa ni neno linaloachwa lielee makusudi ili lisimshike mtu.

Wala si kwamba Kiswahili hakina ufundi wa kutumia neno moja kwa kazi mbili. Tazameni simu mlizonazo mkononi. Safaricom walipotafuta jina la mkopo wa muda wa maongezi walichukua usemi wa mabaharia, Okoa Jahazi. Leo mtu anasema "nimeokoa jahazi" na anasema "nina okoa jahazi ya shilingi 50," kitenzi na jina lake vimeungana vikawa kitu kimoja, kitendo na pia deni. Mwaka 2019 wakaleta Fuliza, kitenzi cha kale cha kufanya jambo bila kukatiza, na haikuchukua muda watu wakawa wanafuliza na kulipa fuliza zao. Hakuna mzee wa Shella aliyehitaji kufasiriwa. Na angalieni tofauti: ukifuliza, ujumbe unakuja hapo hapo kwamba umekopa kiasi gani na ulipe siku gani. Sisi tukidaiwa, tarehe inapatikana. Tukidai sisi, tunapewa foloapu.

Tuliwahi kuona jambo kama hili mwaka 2020. Tarehe 8 Aprili, saa moja jioni, kaunti yetu ilifungwa kwa sababu ya korona pamoja na Mombasa na Kwale, mtu haingii hatoki, na sisi tukakaa hivyo mpaka Juni. Redio zikasema lokdauni. Neno likasambaa kila mtaa, kuna lokdauni, tuko lokdauni, kana kwamba ni mvua iliyoshuka yenyewe. Lakini akina mama wa Shella walisema tumefungiwa. Ndani ya fungiwa mna aliyefunga na mna aliyefungiwa, na mna uzito wa kufungiwa kitu ambacho ni chako: bahari, soko, njia ya kwenda kumzika ndugu Mombasa. Neno hilo moja lilieleza hali yetu kuliko taarifa nzima za habari.

Na jambo la kumtwika mwananchi kazi ya kufuata halikuanza jana. Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi huku pwani apeleke dai lake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa mali ya Taji. Babu asiyesoma Kiingereza, asiyejua kuna tangazo, aliendelea kulima minazi yake, na siku moja akaambiwa yuko kwenye ardhi ya wengine. Hakuna aliyemfuata babu kumweleza. Babu ndiye aliyetakiwa afuate. Wajukuu wake leo wamejaa kwenye korido za ofisi za ardhi na bahasha za kaki kwapani, na wanaloambiwa ni wafoloapu. Neno jipya, kazi ileile. Ukikaa nao kwenye benchi utaona bahasha nyingine zimebandikwa gundi mara mbili tatu, kwa kuwa zilianza kubebwa na baba zao.

Wako makarani wazuri. Tunawajua na tunawaombea dua. Kuna mmoja, hatutaitaja ofisi yake, ambaye akipokea karatasi yako anachukua kalamu na kuandika kwa Kiswahili: nitalipeleka kwa mkubwa Jumatatu, uje Alhamisi. Anaandika na jina lake. Mara nyingine ukienda Alhamisi jibu ni hapana, na hapana hiyo tunaipokea, kwa kuwa tumejua msimamo wetu na siku haikupotea bure. Foleni yake ni ndefu kuliko za wenzake wote, watu wanapita madirisha matupu kwenda kumngoja yeye.

Vijana wetu wanatuambia tunapigana na upepo, kwamba neno limekwisha kuingia na watoto wanalitumia hadi nyumbani. Ni kweli wanalitumia. Mama anamwambia mwanawe kachote maji, mtoto anajibu "nitafoloapu," na maji hayachotwi. Mtoto amejifunza mahali fulani kwamba neno hili linatosha kuwa jibu. Hilo linatuumiza kuliko foleni.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Maafisa wetu, mkitaka litumieni foloapu mkizungumza ninyi kwa ninyi. Lakini mkizungumza na sisi, semeni sentensi kamili ya Kiswahili, yenye mtu ndani yake na siku ndani yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo hatuombi hisani.

Nanyi majirani, msikubali kurudi nyumbani na herufi mbili na mkwaju. Muulizeni karani kwa adabu: anayefuatilia ni nani, na nije lini? Mwambieni aandike. Akikataa, andikeni wenyewe. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inasema ombi la habari kwa ofisi ya umma laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa kulitolea uamuzi kabla ya siku 21 kupita. Bi wa mahamri ameshaandikiwa lake na mwalimu, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Amelipeleka Jumatatu asubuhi, akagongewa muhuri wa kupokelewa, na nakala amefungia kwenye leso.