Jirani Akiomba Kuunganishiwa Intaneti

Wengi wenu mnaoishi mjini mmewawekea wazazi intaneti huko mashambani, ili watoto wasiboeke likizoni na nyanya awaone wajukuu kwa simu. Basi haupiti muda mrefu kabla ya jirani kuvuka ua na kuuliza kama naye anaweza kuunganishwa, alipe nusu.

Ombi hilo ni la haki. Kulipia huduma mbili katika maboma yanayotenganishwa na shamba la mahindi ni kutupa pesa, na kijana wa chuo aliye upande wa pili ana kazi ya kumpelekea mhadhiri sawa na wako.

Lakini msimpe nambari ya siri tu mkadhani mmemaliza. Kuta za mawe na mabati huyazuia mawimbi ya ruta iliyo sebuleni, na migomba iliyolowa mvua huyapunguza zaidi. Mtoto wa watu atakesha uani kwenu akitafuta mtandao, na mbwa je?

Wengine huvuta waya. Waya wa kawaida wa mtandao haufai kuzidi mita 100, ila mimi hata wa mita 50 siuungi mkono. Waya wa shaba kati ya nyumba mbili ni njia ya radi. Watu wa Kisii na Kakamega, ambako radi hupiga mara kwa mara, hawahitaji kuelezwa. Ikipiga mwembe ulio karibu na nyumba moja, vyombo vya nyumba zote mbili vinaweza kuungua, na aliyevishika yumo hatarini. Mkitaka waya lazima, uwe wa faiba usio na chuma ndani, maana kioo hakipitishi umeme.

Bora ni antena mbili ndogo za nje, moja kila nyumba, zikitazamana bila mti katikati. Hata kilomita moja haizishindi. Fundi azifunge kwenye nguzo imara, aweke waya wa ardhini, na jirani awe na ruta na nambari ya siri yake mwenyewe.

Someni pia mkataba, kwani huduma nyingine za nyumbani ni za jamaa wa nyumba moja tu. Aliyeandikisha jina ndiye atakayeulizwa mambo yakiharibika. Na mkianza kuuzia kijiji kizima, hiyo ni biashara inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Sasa pesa, ambapo ujirani mwingi huvunjikia. Gaweni sawa kwa sawa. Msianze kuhesabu nani alitazama mpira. Semeni mapema itakuwaje mmoja akikosa mwezi mmoja. Kumkatia mtu ghafla wiki ya mtihani wa mtoto wake ni ukatili, hata kama ana deni.

Zaidi ya yote, msimwachie mama kazi ya kudai. Wewe uko Nairobi. Yeye ndiye atakayekutana na jirani huyo kisimani, kanisani na matangani. Ninyi vijana wa maboma yote mawili pigianeni simu, mchague tarehe moja ya mwezi, na fungu la jirani litumwe kwa M-Pesa moja kwa moja kwa yule anayelipia.