Ngurumo za Pikipiki na Masikio ya Vijana Wetu

Kila ifikapo jioni, na hasa siku za sikukuu, barabara za Ng'ambo hugeuka uwanja wa vijana na pikipiki zao. Kupenda chombo si kosa. Wazee wao nao walizipenda vespa. Linalosikitisha ni tabia ya baadhi yao ya kuutoa utumbo wa bomba la moshi ili chombo kingurume. Pale Michenzani, ambako nyumba za maendeleo zimesimama kandokando ya barabara kama kuta, sauti hugonga huku ikarejea kule, na mgonjwa aliyelala ghorofa ya juu huipata kamili.

Kero ya majirani imekwisha kusemwa sana. Leo tunasema na mpandaji mwenyewe, maana ndiye aliye karibu zaidi na bomba hilo. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alitwambia, tena kwa fahari, kwamba akirudi matembezini masikio humvuma mpaka asubuhi. Uvumi huo ni onyo. Ndani ya sikio mna chembe ndogo zenye vinyweleo ambazo ndizo zipokeazo sauti. Zikishakufa hazioti tena, wala hakuna dawa ya kuzirejesha.

Wataalamu wa afya kazini huhesabu hivi: sauti ya desibeli 85 sikio hustahamili kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 ni dakika 15 tu. Wala kofia ngumu haitoshi. Huokoa kichwa, lakini kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa upepo peke yake humo ndani huzidi desibeli 90. (Mwendo huo mjini ni kosa jingine, nalo tunawaachia askari.)

Wako pia wenye masikio mepesi, ambao sauti wanayoipuuza wenzao huwachoma kama sindano. Wasichekwe wala wasiitwe wadekaji. Nao wana haki ya kupanda pikipiki au kuendesha mashine ya boti. Wavae vizibo vya sifongo, vinavyosokotwa kwa vidole na kutiwa sikioni. Vikikaa sawasawa hupunguza desibeli 20 hadi 30, na honi bado husikika. Pamba haifai, huzuia kidogo mno. Ila wasivivae kutwa nyumbani, kwani sikio lililozoeshwa ukimya huzidi kuwa jepesi.

Kwa wahusika Serikalini tunaomba askari wa usalama barabarani wasiishie kwenye leseni na bima, watazame na bomba. Mafundi wanaoyakata mabomba hayo kwa malipo waitwe waulizwe. Masheha walitaje jambo hili mikutanoni, na walimu maskulini. Na wenye maduka wanaouza kofia za pikipiki waweke vizibo kando yake, mnunuzi avione.