Buabua wakitaga, tuzunguke kisiwa tusishuke

Kusi likishika, kuanzia Juni hadi Oktoba, buabua huja kutaga kwenye visiwa vyetu vidogo: visiwa vya Kiunga kule Lamu, Kisiwa cha Nyangumi mdomoni mwa Mida Creek huko Watamu, na miaka mingine jabali la Kisite, nje ya Shimoni. Kipindi hicho hicho nyangumi hupita pwani yetu, na Wazungu wengi huwa likizoni. Ndege na boti za watalii hukutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mimi si katika wanaotaka safari hizo zipigwe marufuku. Ninachotaka ni mtalii abaki ndani ya boti.

Buabua hajengi kiota cha kusema. Hutaga yai moja au mawili juu ya jiwe tupu au mchanga, na madoadoa ya yai lile hufanana na mahali lilipo hata unaweza kulikanyaga bila kujua. Mgeni akishuka, ndege wote huruka pamoja wakipiga kelele, na hiyo ndiyo picha anayoitafuta. Lakini muda wote ndege wakiwa angani, yai linaungua juani. Jua la saa sita juu ya matumbawe makavu, nani asiyelijua? Kwenye visiwa vilivyo karibu na bara, kunguru nao hawachelewi. Buabua wakisumbuliwa mara kwa mara huhama kisiwa kizima, mwaka wa pili wakataga kwingine au wasitage kabisa. Hapo nahodha aliyewashusha wageni hana tena cha kuwaonyesha.

Halafu kuna wavuvi. Anayefuata jodari humtazama buabua kwanza. Jodari akifukuza dagaa kutoka chini, ndege huwapokea juu, na mvuvi akiona kundi linapiga mbizi anageuza chombo. Kundi likipungua, aliye baharini bila mashine ya kusaka samaki ndiye atakayeumia, si mwenye hoteli.

Najua jibu litakalotoka Shimoni na Wasini, na lina uzito wake. Hifadhi ya Kisite ilipowekwa miaka ya 1970, wavuvi walifungiwa maeneo waliyorithi kwa babu zao. Ndani ya hifadhi hakuna kuvua kabisa. Upande wa Mpunguti ndiko uvuvi wa asili unakoruhusiwa. Ada ya kuingia huenda kwa KWS. Watu wamejishikiza kwenye pomboo, kupiga mbizi na chakula cha watalii, na sasa waambiwe tena "msikanyage hapa"? Amri ya namna hiyo ikitoka Nairobi peke yake, itavunjwa siku askari wa hifadhi akigeuza mgongo.

Na tusiwabebeshe wageni lawama zote. Mayai ya visiwani yameokotwa na kuliwa na watu wetu wenyewe tangu enzi za mababu, hasa wanaopiga kambi visiwani wakati wa kuvua. Boti ya watalii imeongeza tu miguu.

Wako waliokwisha kulipitia jambo hili. Kisiwa cha Cousin huko Shelisheli, kilichonunuliwa mwaka 1968 kwa ajili ya ndege, hupokea wageni mpaka leo, ila boti yao haigusi ufuo. Hubaki nje, wakahamishiwa kwenye boti ya walinzi wa kisiwa, kwa kuhofia panya asije akaingia na mizigo. Visiwa vya Farne, Uingereza, vilifungwa kwa wanaotaka kushuka mwaka 2022, homa ya ndege ilipoua maelfu. Boti za mji wa Seahouses hazikulala bandarini. Ziliendelea kubeba watu kuvizunguka visiwa, na kushuka kuliporuhusiwa tena mwaka 2024 biashara ilikuwa bado hai. Watu walilipa kutazama tu.

Kwetu hata hilo ni rahisi zaidi, maana visiwa vyenyewe ni vidogo na buabua huonekana vizuri kutoka majini. Kinachohitajika ni darubini mbili tatu kwenye kila boti, injini ipunguzwe mbio mapema, na baharia mmoja anayeweza kumweleza mgeni anachokiona badala ya kusema tu "ndege wa bahari". Fungu la mchanga la kupumzikia lipo, litumike pale ambapo hakuna mayai. Wenye boti wakikubaliana wenyewe umbali wa kusimama, kisha KWS ikaweka maboya kwenye mstari huo, atakayevuka ataonwa na wenzake kabla ya askari. Kisite ingefaa kuwa ya kwanza, kwa sababu wenye boti wa Shimoni na Wasini wanajuana kwa majina. Maboya yawe majini kabla ya Juni.