Elba si Napoleon peke yake

Napoleon alipelekwa uhamishoni Elba mwaka 1814, akakaa huko chini ya mwaka mmoja. Hata hivyo, watalii bado humkimbilia yeye, huku hazina halisi ya kisiwa hicho cha Italia wakiikanyaga.

Hazina hiyo ni madini ya chuma: jiwe la hematiti la Rio Marina, mji wa kisiwani humo, hung'aa kama kioo. Likisuguliwa, huacha unga mwekundu. Miamba iliyoyeyuka ilipanda mamilioni ya miaka iliyopita, maji ya moto yakapenya kwenye nyufa na kuacha chuma.

Waetruski, watu wa kale wa Italia, waliyayeyusha madini hayo Populonia, ng'ambo ya bahari. Mabaki ya uyeyushaji wao yalikuwa na chuma kingi hivi kwamba katika karne ya 20 yaliyeyushwa upya!

Uchimbaji ulikoma 1981. Kuyageuza machimbo kuwa hifadhi yenye makumbusho ulikuwa uamuzi sahihi, na serikali zenye migodi inayokaribia kufungwa zingefaa kupanga hivyo mapema, kabla mitambo haijauzwa kama vyuma chakavu.