Ijumaa Si Sabato, Lakini Ina Haki Yake

Tangu Januari 2022, watumishi wa serikali ya shirikisho ya Umoja wa Falme za Kiarabu hupumzika Jumamosi na Jumapili. Ijumaa hufanya kazi nusu siku. Sharjah, mojawapo ya falme hizo, iliamua kuiacha Ijumaa iwe mapumziko kamili. Je, ni nani kati yao aliyeafiki sharia?

Ndugu Waislamu, Ijumaa si Sabato. Mayahudi huacha kazi tangu machweo ya Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi. Sisi, katika Suratul Jumua, aya ya 9 na ya 10, tumeamrishwa kuacha biashara inapoadhiniwa, kisha Sala ikimalizika tutawanyike kutafuta fadhila za Mwenyezi Mungu. Basi taratibu zote mbili hazipingani na sharia. Kinachodaiwa ni saa, wala si siku nzima.

Lakini saa hiyo ni faradhi kwa mwanamume mkaazi asiye na udhuru. Mwajiri anayeizuia huzuia haki ya Mola; naye mfanyakazi anayeitumia kubarizi hadi alasiri humdhulumu mwajiri. Wazazi, wafunzeni vijana yote mawili: kuomba ruhusa mapema, na kurejea kazini kwa wakati.

Wallahu a'lam.