Cheti cha mteja wa siri nikitundike wapi?

Binti wa jirani yangu hapa Kilwa Masoko aliniletea simu yake nimsomee tangazo. Lipa shilingi elfu thelathini, soma kwa mtandao, upate cheti cha mteja wa siri, kisha kampuni za Dar zikutafute zenyewe. Alikuja kwangu kwa kuwa anajua kazi hiyo naifanya. Nilimjibu kwa neno moja, usilipe. Sababu ni ndefu kidogo, ndiyo maana nimeomba nafasi gazetini.

Kwa asiyeijua kazi hii: unaingia benki, kwa wakala wa pesa za simu, nyumba ya wageni au dukani kama mteja yeyote. Unahudumiwa, unatoka, unajaza fomu. Aliyekuhudumia hajui kitu. Mimi hutumwa zaidi kwenye maduka ya dawa. Naingia, natoa salamu, nasema mjukuu ana homa tangu jana, nisaidie dawa. Halafu nanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kugumu. Je, atauliza umri wa mtoto? Uzito? Kama anatapika, kama amepata degedege? Ataniambia nimkimbize zahanati akapimwe, au atanipa dawa mseto bila kunieleza anywe vidonge vingapi na kwa siku ngapi? Nikishatoka natafuta kivuli mbali na macho ya duka, naandika kabla sijasahau.

Njia hii si ngeni nchini. Maduka ya dawa muhimu yalipoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yakichukua nafasi ya yale tuliyozoea kuyaita maduka ya dawa baridi, wateja wa kujifanya walitumwa kuangalia kama mafunzo ya wauzaji yamezaa matunda. Baadaye maduka hayo yakafika hadi huku kwetu Lindi. Mtoa dawa wa duka hilo amesomea, amefaulu, ana cheti. Ndipo watu wanapohoji: iweje anayehudumia awe na cheti, na anayekuja kumchunguza awe hana hata karatasi?

Swali hilo silidharau. VETA inarasimisha ujuzi wa seremala, mwashi na mpishi waliojifunzia mtaani. Wanapimwa, wanapewa vyeti, na vyeti hivyo vinawasaidia kupata kazi ambazo zamani wasingezisogelea. Lakini cheti cha seremala kina mtu wa kukiheshimu upande wa pili. Mimi hakuna kampuni iliyowahi kuniuliza cha kwangu. Wanachotafuta ni mwanamke wa makamo, anayejua kusoma na kuandika, anayezungumza kama watu wa huku na asiyeogopa bodaboda ya barabara ya vumbi. Wakishakupata wanakuelekeza, mnaigiza wenyewe kwa wenyewe mara kadhaa, mnaingia kazini. Na hata wangenipa cheti, ningekitundika wapi? Sebuleni, kila anayekuja kuomba chumvi akione?

Marekani, ambako biashara hii ni kubwa, chama cha kampuni zake kiitwacho MSPA kiliweka vyeti vya daraja la fedha na la dhahabu. Hata hivyo FTC, tume ya serikali inayolinda walaji huko, huwaonya watu wasilipe ili wapewe kazi hii, kwa kuwa cheti kinachouzwa mara nyingi hakina thamani. Sisi tuliokwisha kuzoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kuna kisa kilichonifanya niache kabisa kuwaza habari za vyeti. Kampuni moja ilinipangia maduka ya hapa hapa Masoko. Nikaingia la kwanza, nikaanza hadithi yangu ya mjukuu mwenye homa. Kijana wa dukani akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Shikamoo bibi. Mjukuu yupi tena? Si wamerudi Dar juzi?" Nikaitikia marahaba, nikanunua Panadol, nikaondoka. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika kwamba nimetambuliwa. Msimamizi akanishauri kwa simu nijaze hivyo hivyo. Nilikataa, na malipo ya duka lile sikuyaona.

Cheti cha dhahabu kingenisaidia nini pale? Mji huu mtu akinunua kitanda kipya kinajulikana kabla hakijashushwa. Aliyehitaji kupimwa ni yule aliyekaa ofisini Dar na ramani, akaona bibi yuko Masoko na duka liko Masoko, akadhani amebana matumizi ya nauli. Mgeni anayejulikana hapimi kitu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaandika sifa za ukarimu wa sultani, lakini alifika akijulikana kuwa ni msomi na msafiri, hivyo sifa zile mimi huzisoma nikiwa nimekunja uso kidogo.

Kwa hiyo kama kuna karatasi ya kutolewa, apewe anayetuma. Jimbo la Nevada huko Marekani linaihesabu kazi hii kuwa sehemu ya upelelezi binafsi: kampuni iwe na leseni, na wanaotumwa watambulike chini yake. Nasi tuna pa kuanzia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fomu ninayojaza ina taarifa za mtu: saa niliyoingia, duka gani, muuzaji wa jinsia gani, mara nyingine na jina lake. Binti wa duka la Kivinje anayesimama tangu asubuhi hadi usiku kwa mshahara mdogo anaweza kufukuzwa kwa mstari mmoja nilioandika nikiwa nimechoka. Haki yake ni kwamba mwenye duka aambiwe mapema kuwa msimu huu huenda mtu akaja, na kwamba matokeo yamrudie muuzaji kama mafunzo kabla hayajawa adhabu. Miaka yote hii sijamwona muuzaji aliyerudishiwa matokeo. Tunachukua, tunaondoka.

Nasi tunaotumwa tuna madai yetu. Unanunua dawa kwa pesa yako, unaahidiwa kurudishiwa baadaye, na hiyo baadaye haina tarehe. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya kusini pale Somanga, mwenzangu alikwama upande wa pili na fomu mkobani; kampuni iliyomtuma ikamkata kwa kuchelewa.

Msimu ukifika watapiga simu tena. Kabla sijasema ndiyo nitawauliza wamesajiliwa wapi, nani atampelekea muuzaji majibu yake, na nauli inaingia leo au lini. Wakinijibu vizuri niko tayari kwenda hata Nachingwea.