Tusiyazike Magari Yaliyo Hai

Apitaye nyuma ya majengo ya ofisi zetu, Unguja kama Pemba, hakosi kuliona gari lililoegeshwa chini ya mwembe, magurudumu hayana upepo na majani yameota hadi kwenye bampa. Akiuliza lina nini, hujibiwa kwa neno moja tu: limekufa. Sisi tunauliza: limekufa kwa maradhi gani, na ni nani aliyelipima hata akatoa hukumu hiyo?

Tunauliza kwa sababu gari la miaka ishirini si lazima liwe maiti. Mara nyingi pistoni zake zingali nzima, giaboksi ingali nzima, na bodi yaweza kuhimili barabara zetu. Kilichochoka ni nozeli zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini, pamoja na waya zinazozipelekea umeme. Vitu hivyo hubebeka kwa mkono mmoja, lakini vikiharibika gari zima husimama, na hasara yake huangukia mfuko wa umma, au mfuko wa mwananchi aliyelinunua kwa jasho lake.

Yafaa kila mwenye gari, na kila afisa anayetia saini hati ya matengenezo, afahamu namna kazi hiyo inavyokwenda. Katika injini ya petroli isiyokuwa na karbureta, pampu husukuma petroli kwa nguvu ya kiasi cha mara tatu ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Nozeli ni kama mlango mdogo: ikipata umeme hufunguka kwa sehemu chache za elfu za sekunde, ikanyunyiza petroli mithili ya ukungu, kisha ikajifunga. Katika injini nyingi, mzunguko ukiwa mara 800 kwa dakika, yaani gari limesimama linanguruma tu, kila nozeli hufunguka mara 400 kwa dakika hiyo moja. Mwenye kutoa amri ni kompyuta ya injini, na amri hupita katika waya. Basi nozeli mpya iliyofungwa kwenye waya mbovu ni sawa na mtumishi hodari asiyefikiwa na agizo.

Visiwani waya huchoka upesi. Joto la injini hukausha plastiki inayozivika hata ikavunjika kama biskuti. Hewa ya bahari hupenya katika nyufa hizo, na shaba iliyomo ndani ikaota kutu ya kijani. Umeme uliotoka kwenye betri na nguvu ya volti 12 hufika mwisho wa safari umepungua, nozeli huchelewa kufunguka, na injini huanza kukosakosa. Dereva hudhani petroli ni chafu. Fundi hubadili plagi. Mwenye gari hulipa. Maradhi hubaki palepale. Nozeli nazo huziba kwa taka za tangi na kwa utando unaojijenga kwenye ncha zake, na mipira yake ya duara hukakamaa ikaanza kuvujisha. Penye petroli inayovuja juu ya injini ya moto, na kando yake waya uliochubuka, moto haungoji kualikwa.

Desturi iliyoenea ni kutengeneza kimoja na kukiacha cha pili. Hununuliwa nozeli, tena pengine moja tu kati ya nne, na waya husokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Gari likiwaka, husemwa kazi imekwisha. Na tufikirie gari la wagonjwa lililotengenezwa namna hiyo, limebeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, usiku wa mvua, kutoka Makangale kwenda Chake Chake. Tepu ikilowa na waya ukiachia njiani, hapo hatutakuwa tena tunazungumzia bei ya spea.

Wazee wetu wa baharini hawakuwa na tabia hii. Mwenye jahazi hangoji chombo kijae maji ndipo akalafati, wala haweki tanga jipya juu ya henza iliyooza. Na sisi wa zama hizi tulikwisha kupewa fundisho kubwa kuhusu waya uliozeeka. Waya wa baharini uliowekwa mwaka 1980 kuleta umeme Unguja uliharibika Mei 2008, tukakaa gizani kiasi cha mwezi mzima. Ukaharibika tena Desemba 2009, na umeme haukurejea hadi Machi 2010. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013. Yaliyotupata kwa waya ule mkubwa ndiyo yanayotupata kila siku kwa waya ndogo za magari yetu, ila haya hayana wa kuyatangaza.

Kazi iliyo sahihi haina miujiza. Fundi huondoa waya wa hasi wa betri, hupunguza nguvu ya petroli iliyobaki kwenye bomba, na hutia alama kila soketi ili isirudishwe mahali pasipo pake. Nozeli hupimwa kwanza kwa mita ya umeme. Katika aina nyingi kipimo huwa omu 12 hadi 16, na iliyo mbali na wenzake ndiyo yenye kasoro. Zikibadilishwa, hubadilishwa zote pamoja, ziwe za kiwango kile kile cha kumimina mafuta, na mipira mipya. Waya mpya uwe na unene ule ule wa awali, maungio yake yalehemiwe au yabanwe kwa koleo lake maalumu, yavikwe, na yapitishwe mbali na bomba la moshi. Kabla ya gari kutoka gereji, mkono na pua vihakikishe kwamba hapana tone linalovuja.

Kwa magari ya dizeli ya miaka ya karibuni, tahadhari huzidi. Humo mafuta husukumwa kwa nguvu inayopita mara 1,000 ya mgandamizo wa hewa, na mnyunyizo wake waweza kutoboa ngozi ya mtu. Aidha, nozeli za magari mengi ya aina hiyo zina namba ambayo sharti iingizwe katika kompyuta ya injini. Fundi asiye na kifaa cha kuingiza namba hiyo atafunga nozeli halali na gari litaendelea kutikisika.

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni kutia fedha katika gunia lililotoboka. Tunakubali kwamba si kila gari kuukuu linastahili kuokolewa. Lililoliwa na kutu hadi kwenye chesisi, au lililopoteza kompresheni, liagwe kwa heshima. Tunachokataa ni kuliaga gari kabla ya kulipima, kisha kuagiza jingine kwa fedha za kigeni ambazo mkulima wa karafuu amezitafuta juu ya mti.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, lisiwepo gari la Serikali litakalopelekwa mnadani bila ya cheti cha fundi kinachoeleza kwa maandishi ugonjwa wake na gharama ya kuliponya. Pili, nozeli na waya ziingizwe katika matengenezo ya kawaida yenye fungu lake la bajeti, kama zilivyo oili na matairi. Tatu, mafunzo ya umeme wa magari na upimaji wa nozeli yatiliwe mkazo katika vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, ili gari la Pemba lisilazimike kuvushwa bahari kutafuta kipimo. Nne, wakaguzi wa magari ya abiria wafungue boneti na kutazama waya, wasitosheke na taa na breki.

Kwa mafundi wetu tunasema: hatuwadharau. Wengi wenu mmeyaweka hai magari ambayo nchi zilizoyaunda zilikwisha kuyatupa. Lakini mteja anapokuomba umfanyie ya kubandika tu, mwambie ukweli, hata akinuna. Na kwa waheshimiwa wenye kalamu za kuidhinisha malipo, tunakumbusha usemi wanaoujua vyema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Gari lile lililo chini ya mwembe bado linangoja mtu wa kulifungua boneti.